Rezo Inafika Mpaka Kitandani?

Wamama wangu wa kikundi cha maharagi, ninyi wenye muko Kashuga, ninyi wenye muko Goma, na wewe Mama Noella mwenye tunagawana kiwanja hapa ku kilima: muliniuliza sana. Kila mumoja anauliza kipande chake. Mumoja anataka kujua kama ni kweli walinishika ku barabara. Mwingine anauliza kama ni kweli nilipigana na wakwe zangu Walikale. Nimechoka kujibu vipande vipande. Nimekaa, naandika yote, na mwenye hajui kusoma asomewe. Shule yangu ilikoma ku darasa la tatu. Mwenye ataona kosa ainyamazie.

Sababu ya safari wengi munaijua, lakini naisema tena. Binti yangu Furaha aliolewa Walikale. Mutoto wake wa kwanza alizaliwa kule, akaishi siku kidogo, akazikwa. Mimi nilipata habari wakati majani ilikuwa imekwisha kuota juu ya kaburi. Hawakunificha. Walipanda kilima cha shule kutafuta rezo, ule mutandao wa simu, mvua ikanyesha, bateri ikazimika, na muntu mwenye walimutuma akapotelea mu mambo yake. Sasa Furaha ana mimba tena. Na kwetu munajua: mama wa binti haendi kuzalisha bila kuitwa. Anangoja upande wa bwana wamuite, njo anabeba unga wa uji na maziwa, anaenda. Simu isipofika, nani ataniita?

Telefone ya Furaha inakubali karte moja tu ya namba. Bwana yake anauza inite za kupigia simu ku soko ya Walikale, chini ya parasoli ya kampuni ya Upinde. Jina lake kwa kinywa silitaji, ni mukwe wangu. Kwa karatasi Mungu atanisamehe: anaitwa Faustin. Alituma neno kwamba Upinde inashika kila fasi, hata ndani ya tumbo la samaki. Yule wa parasoli ya Kengele, kampuni ile ingine, hapa Masisi naye aliapa vilevile. Mimi nimeuza maziwa tangu ujana wangu, na sijaona bado muuza maziwa mwenye anasema yake iko na maji. Njo nikaazima telefone mbili, moja ya Kengele na moja ya Upinde, nikasema nitaenda kupima mimi mwenyewe.

Masisi mpaka Nyabiondo

Motari wangu wa pikipiki alikuwa Papa Janvier, yule mwenye ndevu nyeupe, anaimba sauti ya chini ku korali ya kanisa. Muzigo wangu ilikuwa fromaji moja ya muviringo, ile jibini ya maziwa yetu, bidoni ya mashanza ya maziwa ya kuganda, na maharagi. Telefone nilizifunga ku kitambaa shingoni, moja kushoto, moja kuume, na kila kilima chenye tulifika nilimugonga Papa Janvier ku bega asimame.

"Mama," akasema, "tukisimama hivi, huyu mutoto atazaliwa, atabatizwa, ataoa, na sisi tungali hatujaona Nyabiondo."

"Endesha. Utasimama pale ku ule muti."

"Ule muti iko na nini?"

"Iko juu. Simama."

Sasa nifike kwako, Mama Noella. Tulipatana nini? Tulipatana nikipata rezo nakubipu mara moja na hii, mara moja na ile, na wewe usipokee. Bip ni bip. Muntu anabipu, mwenye kubipiwa anajua, kazi imeisha. Lakini wewe kila bip uliipokea. "Allo, umeanguka?" Nikakukata. Kilima chenye kinafuata: "Allo, pikipiki imeharibika?" Nikakukata. "Allo, ni wezi?" Inite ya watu uliikula kwa huruma yako. Na kwa sababu nilikuwa nakukata, ukafikiri niko mu hatari, ukaenda kuita wamama wa kanisa. Nilipokupigia kutoka Nyabiondo nilisikia nyuma yako wanaimba nyimbo ya matanga. Nikauliza nani amekufa. Ukanijibu, "Tunangoja kujua."

Nyabiondo tulikula maharagi na bitoke, ndizi za kupika, ku kibanda pembeni ya soko. Nilimuuliza mama mwenye kupika ni rezo gani inashika hapo. Alifuta mikono, akafikiri vizuri. Alisema Upinde inashika ukiangalia kanisa, Kengele inashika ukiangalia barabara. Papa Janvier akasema basi watu wa Upinde njo wataona mbingu. Yule mama akamujibu kwamba watu wa Upinde wanaangalia kanisa, wanasema uongo ku telefone, kisha wanageuka.

Kamba ya Kashebere

Mbele kidogo ya Kashebere kuna kamba ku barabara, na wanaume wenye silaha wanakaa pale. Walikuwa upande gani sikuuliza, na ninyi musiniulize. Muntu wa kamba ni muntu wa kamba.

Kosa langu ni kwamba nilikuwa nimeinua mikono yote mbili juu, telefone moja mu kila mukono, natafuta. Mukubwa wao akaniona. Alikuwa muntu muzima, uso mugumu, ana kofia ya sufu hata jua likiwa kali.

"Koko," akaniita, vile wanaita mama muzee, "unapiga foto ya nini?"

"Sipigi foto. Natafuta rezo."

"Na telefone mbili?"

"Rezo iko mbili."

"Nani amekutuma?"

"Binti yangu. Hata yeye hajui kama amenituma."

Hiyo jibu haikumupendeza. Akasema koko mulimaji hatembei na telefone mbili akisimama ku kila kilima. Muntu wa namna hiyo anahesabu vilima kwa faida ya wengine. Wakanikalisha ku gogo. Papa Janvier, mwenye maneno yake haikuisha tangu Masisi, alinyamaza kama muntu ameingia mu kanisa la wengine. Walifungua bidoni, wakanusa mashanza, wakafunga. Walifungua fromaji, wakanusa, wakaniangalia mimi.

Nikamueleza kila kitu: mimba, kitanda, kilima cha shule, kaburi. Alisikiliza, lakini macho yake ilikuwa inasema hapana.

Nikamuambia, "Papa, mama yako iko?"

"Iko mbali."

"Ana telefone?"

"Anayo."

"Anajua kama unaishi?"

 Nikaangalia telefone zangu. Ya Upinde ilikuwa imelala kabisa. Ya Kengele ilikuwa na vijiti viwili vya rezo. Nikamupa hiyo. "Hapa inashika," nikasema, "na wewe hukujua, sababu hujatafuta. Mupigie."

Alikaa nayo mu mukono kama muntu ameshika yai. Kisha akapiga, akaenda kando, lakini yule mama alikuwa na sauti, tulimusikia wote. Hakulia, hakubariki. Aliuliza, "Unakula nini huko? Sauti yako iko ya muntu mwenye homa. Unavaa ile kofia?" Na yule mukubwa, na bunduki yake ku bega, anajibu ndiyo mama, ndiyo mama, amesimama wima kama mbele ya mwalimu.

Wamama, pale tungeenda. Lakini wale wengine waliona. Mumoja akasema yake iko Goma. Mwingine yake iko ku kambi. Wakapanga mustari. Kulikuwa mwenye mama yake alimukatia telefone sababu hakuamini kama ni yeye, akapiga tena anataja majina ya mbuzi wa nyumbani mpaka akaaminiwa. Kwa hiyo mwenye kuuliza kama walinishika, jibu ni hili: walinishika kwa muda wa kupiga simu kwa mama zao. Jua lilikuwa limeinama wakati kamba ilishuka. Na inite yote ilikwisha, na hapo hakuna parasoli.

Papa Janvier alipata sauti yake tena nyuma ya kona. "Mama," akasema, "ningejua, ningekubeba tangu zamani. Uko muzuri kuliko karatasi yenye muhuri."

Ndani ya pori

Nyuma ya Kashebere vilima vinashuka, majani ya ngombe inaisha, miti inaanza, na barabara inakuwa mawazo tu. Fasi ingine mimi nilitembea na Papa Janvier akasukuma. Fasi ingine tulisukuma wote wawili, naye anaimba sauti ya chini ili nisisikie vile anatukana matope.

Tulilala Kibua, kwa familia moja ya karibu na barabara, watu wa Mungu. Walitupa bugali ya mihogo, sombe ya majani ya mihogo yenye mawese mingi, na sahani moja ya funza wakubwa wa muti, wamekaangwa. Nilikula mumoja kwa heshima. Wa pili nilimula kwa njaa. Wengine niliwakula sababu walikuwa watamu, na mwenye atamuambia pasta wangu, mimi naye tutaonana.

Mimi nikawakatia kipande kizuri cha fromaji. Mama mwenye nyumba alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakiweka juu ya ubao. Asubuhi namukuta ku kijito, anasugua shati ya bwana yake na fromaji yangu. Anasugua kwa nguvu, uso umekunjamana.

"Koko," akaniuliza kwa adabu, "sabuni ya kwenu inachukua muda gani mbele ya kutoa povu?"

Nikamuambia ni ya kula. Akaangalia fromaji, akaangalia shati, akaniangalia mimi. "Munakula hii?" Nikamukumbusha wale funza. Akacheka mpaka akakaa mu maji. Lakini kuila hakuila. Alisema bwana yake atakwenda ku kanisa na harufu ya Masisi, watu watafikiri amenunua ngombe.

Rezo ya Kibua? Kuna gogo moja kubwa lenye lilianguka, watu wanapanda juu yake. Mbele ya gogo hakuna, nyuma ya gogo hakuna. Hapo niliona sasa maana ya safari yangu. Kila muntu mwenye niliuliza "rezo inashika kwenu?" alijibu "inashika", na hakusema uongo. Kila kijiji kiko na fasi yake ya kushika. Lakini mwanamuke mwenye amezaa hapandi gogo. Kwetu na kwao ni moja: anakaa ndani mpaka kitovu kianguke, hatoki, upepo usimuguse. Kwa hiyo kuuliza kama Walikale iko na rezo ni kuuliza bure. Kitu cha kuuliza ni kama kitanda iko nayo.

Walikale

Faustin aliniona kwa mbali natelemuka. Alifunga parasoli yake, akazunguka nyuma ya nyumba, kama inavyofaa mukwe mwenye alilelewa: haangaliani uso na mama wa bibi yake. Baadaye akarudi, akasimama pembeni ya ukuta, anaangalia migomba. Mimi nikaangalia kuku. Kati yetu mama yake, Mama Faustin, alikuwa amekaa ku kiti anapepeta muchele. Tuliongea hivi.

"Mama," akamuambia mama yake, "muambie mama mukwe kwamba Upinde inashika hapa. Juzi Furaha aliongea naye."

Mama Faustin akageukia mimi. "Anasema inashika."

"Nimesikia. Muulize Furaha alikuwa wapi akiongea."

"Anauliza ulikuwa wapi."

Furaha alikuwa ku mulango, tumbo mbele. Akaangalia miguu yake. "Ku kilima cha shule."

"Waulize kama kitanda cha kuzalia kiko ku kilima cha shule."

Hiyo Mama Faustin hakuipeleka. Alicheka mpaka muchele ikamwagika.

Sasa shida. Telefone lazima iingie mu chumba cha kulala, na mimi chumba cha mukwe siingii, hata nyumba iwake moto. Furaha naye simuamini: analinda bwana yake, angesema "iko" hata kama ameshika jiwe. Kwa hiyo Mama Faustin njo aliingia na telefone zote mbili, na mimi nikasimama inje ya ukuta wa mbao.

"Iko?" nikauliza.

"Haiko."

"Geuka upande wa migomba."

"Nimegeuka. Ya Upinde imelala."

"Ya Kengele?"

"Kijiti kimoja. Imeenda. Imerudi. Imeenda."

"Usiitikise."

"Sitikisi. Ni mukono wangu njo uko muzee."

"Basi lala ku kitanda, weka ku sikio."

 Kisha sauti ya chini ikapita kati ya mbao: "Mukwe, mimi nilale ku kitanda cha mutoto wangu na bibi yake? Watu wanizike na nini?"

Alikuwa na haki. Mama halali ku kitanda cha mutoto wake mwenye ameoa. Lakini mimi nilikuwa nimekuja mbali, hasira ikanipanda. Nikamuambia alale tu, hakuna mwenye anaona. Akasema Mungu anaona. Nikasema Mungu anataka kujua kama rezo iko. Akasema nitoke kwake. Nikasema sitoki. Akasema basi yeye naye hatoki. Majirani wakasikia: koko mumoja ndani, koko mwingine nje, "lala", "silali", "toka", "sitoki". Wakamuita nyumbakumi, mukubwa wa zile nyumba, naye akakuja na wamama wawili na kiti chake mwenyewe.

Akakaa, akaweka fimbo ku magoti. "Wakwe wawili," akasema, "na binti mwenye mimba katikati. Mulifikaje hapa?"

"Tunatafuta rezo," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa huzuni. Alisema watu wazima wakiwa na aibu wanatafuta maneno ya kufunika. Hakutaka kusikia tena. Akatupatanisha. Alituambia tupeane mukono, tukapeana, sababu bila hiyo asingeondoka, na muchele yenye Furaha aliweka ku moto ilikuwa inaungua. Hapo njo mulipata habari yenu kwamba nilipigana.

Alipokwenda, Furaha alikuwa ameshika tumbo kwa kucheka, machozi inatoka. "Wamama," akasema, "kitanda ni changu. Muniache nilale mimi." Akaingia, akalala. Mama Faustin akakaa pembeni yake awe mushahidi.

Ku upande wa kichwa, Upinde: hakuna. Kengele: hakuna. Ku miguu: hakuna. Nilikuwa nje, mukono ku ubao. Nilikuwa nafikiri kilima cha shule na mvua. Kisha Mama Faustin akasimama kutafuta ku ukuta wa pili, pale kuna musumari wenye Faustin anatundika koti lake la Siku ya Mungu, na telefone ya Kengele ikalia. Ilikuwa wewe, Mama Noella, unauliza kama nimekufa. Siku hiyo sikukukata.

Basi tulijua. Kengele inashika ku musumari, na kitanda iko upande mwingine.

 Faustin alikuwa amesikia yote kutoka ku migomba. Chakula chake ni Upinde. Soko yote ikijua bibi yake anatumia Kengele, watamucheka mpaka parasoli ifungwe. Mimi kumuambia siwezi, ni mukwe. Nilimuchungulia kwa pembe ya jicho. Alikuwa haangalii migomba tena. Alikuwa anaangalia kaburi dogo lenye liko nyuma ya migomba, na niliona kwamba pale hakuna majani hata kidogo. Analipalilia.

"Mama," akasema, na hii mara sauti yake ilitosha kufika kwangu, "muambie mama mukwe aache karte ya Kengele. Kitanda nitakihamisha."

Akaingia ndani peke yake. Tukasikia miguu ya kitanda inakwaruza udongo, kutoka ukuta huu mpaka ukuta ule.

Mama Faustin akanigeukia. "Anasema uache karte."

"Nimesikia. Muambie asante."

"Anasema asante," Mama Faustin akaambia ukuta.

"Nimesikia," ukuta ukajibu.

Kesho yake nilipita ku soko, uso kando. Muteja mumoja alikuwa chini ya parasoli ya Upinde, anauliza kama inashika ndani ya nyumba. Faustin akafikiri. "Ku kilima cha shule," akasema, "inashika muzuri sana." Ndipo nilimuona kwa mara ya kwanza muuzaji mwenye anasema iko na maji.

Kurudi

Kurudi kulikuwa matope ileile. Ku kamba ya Kashebere yule mukubwa wa kofia alitufungulia bila swali, akaniambia mama yake alinitumia salamu, niwafikishie na ninyi. Nilifika nyumbani na magoti imevimba, nikawakuta ninyi na maswali yenu, na sikuwa na nguvu ya kuandika mpaka leo.

Leo naandika sababu ya jana. Jana asubuhi nilikuwa nakamua ngombe, telefone ikalia. Ilikuwa namba ya ile karte ya Kengele yenye niliachia Furaha, lakini sauti ilikuwa ya Mama Faustin.

"Mukwe," akasema, "sikia."

Nikasikia. Kilio cha hasira, cha muntu mwenye nguvu, mwenye hapendi baridi.

"Na Furaha?"

"Iko hapa, anakunywa uji. Njoo. Ni..."

Na rezo ikakata. Nilipiga mpaka kidole kikaniuma, haikurudi. Wewe, Mama Noella, ulikuwa pembeni yangu, unasema kilio kilikuwa cha binti. Papa Janvier hakukisikia, lakini anasema ni kijana wa sauti ya chini. Mimi sijui. Unga nimefunga, maziwa iko mu bidoni, na Papa Janvier iko pale inje anangurumisha pikipiki ili nimalize kuandika. Kama ni kijana ao binti nitaona huko. Nimeitwa.